Kura Zikikaribiana, Karatasi Ifunguliwe

Mgombea aliyeshindwa kwa kura 537 kati ya takriban milioni 6 ana haki ya kuuliza kama kura hizo zilihesabiwa sawasawa. Hilo halihitaji shahada ya sheria kulifahamu. Lakini swali linalofuata, yaani ni nani azihesabu tena, mashine au mkono wa binadamu, na kwa kipimo gani, liliitikisa Marekani kwa siku 36 mwaka wa 2000, na ndilo tunalokusudia kulijadili katika tahariri hii bila kumung'unya maneno. Tunalijadili kwa sababu nchi yetu imekwisha kufikishwa mlangoni pa swali hilo mara 4, mwaka wa 2007, 2013, 2017 na 2022, na kila mara tumeondoka pasipo sheria inayolijibu kikamilifu.

Tuanze na Florida. Katika uchaguzi wa urais wa tarehe 7 Novemba 2000, George W. Bush na Al Gore walikaribiana kiasi kwamba kura 25 za wajumbe wa jimbo hilo moja ndizo zingeamua ni nani aingie Ikulu ya Washington. Hesabu ya kwanza ilimtanguliza Bush kwa kura 1,784. Sheria ya Florida iliagiza kwamba tofauti ikiwa nusu ya asilimia 1 au pungufu, hesabu irudiwe kwa mashine pasipo mtu yeyote kuomba. Ikarudiwa, ingawa baadhi ya kaunti zilikagua jumla tu bila kuzipitisha kadi zenyewe, na tofauti ikashuka hadi kura mia tatu na ushei. Msomaji na atue hapo kidogo. Wapiga kura ni wale wale, kadi ni zile zile, siku ni chache, na zaidi ya kura 1,400 za tofauti zimeyeyuka. Waliokuwa wakihubiri kwamba mashine haikosei walipaswa kutueleza ni hesabu ipi kati ya hizo mbili ambayo mashine haikuikosea.

Maelezo ya jambo hilo yalikuwa ndani ya kadi. Katika kaunti nyingi zenye watu wengi, mpiga kura alipewa kadi, akaichomeka katika kifaa, kisha akatoboa kwa kijiti chenye ncha pale palipoelekea jina la mgombea wake. Kipande cha karatasi kidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga kilitakiwa kudondoka. Mara nyingine hakikudondoka. Kiling'ang'ania kwa pembe moja au mbili, au kilibonyea tu pasipo kuachana na kadi. Mashine ilisoma kwa kupitisha mwanga katika tundu. Tundu likizibwa, mashine ilihesabu kwamba mpiga kura yule hakumchagua mtu. Kadi zilipopitishwa mara ya pili, mtikisiko wenyewe uliangusha baadhi ya vipande vilivyokuwa vikining'inia, na kura ambazo jana hazikuwapo leo zikawapo. Kwa lugha ya mahakamani, ushahidi ulikuwa ukibadilika kila ulipoguswa.

Kuna kisa kingine cha Florida ambacho hakikuvuma sana huku kwetu, nacho chatutia hofu kuliko kile cha kadi. Usiku wa uchaguzi, katika kaunti ya Volusia, kompyuta ilimpokonya Gore kura zaidi ya 16,000 katika eneo moja lililokuwa na wapiga kura mia chache tu. Iliziandika chini ya sifuri. Kosa liligunduliwa na kusahihishwa usiku ule ule, kwa kuwa hakuna mgombea awezaye kupata kura pungufu ya sifuri na hata mtoto wa shule ya msingi angeliona. Je, kompyuta ile ingempunguzia kura 160 mahali alipopata 900, ni nani angeshtuka?

Gore aliomba kura zihesabiwe kwa mkono. Hapo ndipo mjadala ulipopamba moto, na hoja za pande zote mbili zilikuwa na uzito ambao mashabiki wao hawakuutambua. Upande wa Bush ulisema kwamba mashine haina chama. Binadamu anayeinua kadi juu ya taa na kuikodolea macho huku akijua kwamba urais wa nchi unaning'inia kwenye kipande kile cha karatasi, ataona anachotaka kuona. Upande wa Gore ulijibu kwamba mashine haikuzihesabu kura zile hata mara moja. Ilizipita, na kwa hiyo kuirudisha mashine kuzihesabu tena ni kumrudisha shahidi kipofu kizimbani na kumwuliza swali lile lile. Sheria ya Florida yenyewe ilisema kwamba kura ikubaliwe panapokuwa na dalili dhahiri ya nia ya mpiga kura. Nia haisomwi na taa. Inahitaji jicho.

Sisi twaegemea hoja ya pili. Lakini hatuwezi kuficha kwamba Gore aliidhoofisha kwa mikono yake. Hakuomba hesabu ya mkono katika jimbo zima. Aliiomba katika kaunti 4, Palm Beach, Broward, Miami-Dade na Volusia, zote zikiwa na wafuasi wake kwa wingi. Wakili yeyote angeelewa sababu, maana sheria ya jimbo ilitaka ombi lipelekwe kaunti moja moja na muda ulikuwa mfupi. Hata hivyo, mwananchi wa kawaida aliyetazama kutoka kaunti nyingine aliona mtu anayechimba tu pale anapoamini pana maji. Haki haitafutwi kwa kuchagua vituo.

Kisha kukawa na suala la kipimo. Kaunti ya Broward ilihesabu kwa kipimo kilicholegea, na ikapata kura mpya karibu mara 3 ya zile zilizopatikana Palm Beach. Na Palm Beach yenyewe ilibadilisha kanuni zake hesabu ikiwa inaendelea. Kadi iliyobonyea ikawa kura katika meza hii na takataka katika meza ile. Ilipofikia tarehe 22 Novemba, Miami-Dade iliacha kuhesabu kabisa. Palm Beach ilichelewa kwa muda wa saa 2 hivi kuwasilisha jumla yake, na Katherine Harris, Katibu wa Jimbo aliyesimamia uchaguzi, akaikataa. Mama huyo alikuwa pia mmoja wa wenyeviti wa kampeni ya Bush katika jimbo hilo, na gavana wa jimbo alikuwa nduguye Bush. Nchi iliyokuwa ikituma wajumbe kuja kutukagua sisi iliruhusu mwamuzi avae jezi ya timu moja, nasi tunalisema hili bila kicheko.

Tarehe 8 Desemba, Mahakama ya Juu ya Florida, kwa majaji 4 dhidi ya 3, iliamuru kwamba kadi zote ambazo mashine haikuzisomea chaguo la rais zihesabiwe kwa mkono katika jimbo zima. Siku iliyofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ikasimamisha zoezi hilo, majaji 5 dhidi ya 4. Tarehe 12 Desemba ikatoa uamuzi wake. Majaji 7 kati ya 9 walikubali kwamba kuhesabu kwa vipimo tofauti kulivunja haki ya wapiga kura ya kulindwa sawa na sheria. Lakini 5 kati yao wakasema kwamba muda umekwisha, na hesabu ikafa. Wawili, Souter na Breyer, walitaka kesi irudishwe Florida ili kipimo kimoja kiwekwe na kazi iendelee. Gore alikubali kushindwa kesho yake.

Uamuzi ule tumeusoma kama mawakili na kama wananchi, na twasema kwamba majaji walio wengi waliuona ugonjwa sawasawa kisha wakamzika mgonjwa angali hai. Ikiwa kasoro ni kukosa kipimo kimoja, dawa yake ni kukiweka. Zaidi ya hayo, usawa uleule waliouhimiza kwa mikono hawakuudai kwa mashine. Kaunti zilizokuwa na mashine za kusoma alama za kalamu hapo hapo kituoni, na kumrudishia mpiga kura karatasi iliyokosewa ili aisahihishe, zilipoteza kura chache. Zile zilizotumia kadi za kutoboa zilipoteza nyingi. Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani iliripoti mwaka wa 2001 kwamba kura za Wamarekani weusi wa Florida zilikuwa na uwezekano wa karibu mara 10 zaidi wa kukataliwa kuliko za wengine. Katika Gadsden, kaunti pekee ya jimbo hilo ambayo wengi wa wakazi wake ni weusi, kiasi cha kura 12 katika kila 100 hazikuhesabiwa. Vipimo viwili vilikuwapo tangu asubuhi ya tarehe 7 Novemba, na havikumkera jaji yeyote mpaka mikono ya watu ilipoanza kuvirekebisha.

Yaliyofuata yangepaswa kufundishwa katika kila chuo cha sheria. Mwaka wa 2001 magazeti makubwa ya Marekani yaliungana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakazichunguza kura 175,010 zilizokuwa zimekataliwa Florida. Ilionekana kwamba kama kaunti 4 za Gore zingemaliza hesabu yao, Bush angebaki mshindi. Kama amri ya Mahakama ya Juu ya Florida ingetekelezwa kwa zile kadi ambazo mashine haikuona chaguo, Bush angebaki mshindi. Lakini kama kura zote zilizokataliwa zingechunguzwa jimboni kote, pamoja na zile ambazo mashine ilizitupa kwa kuona alama zaidi ya moja, Gore angetangulia kwa kura kati ya 60 na 171, kutegemea kipimo. Kwa nini hizo za alama zaidi ya moja? Kwa sababu kulikuwa na wapiga kura waliotia alama kwenye jina la Gore, kisha, kwa kutaka kuhakikisha, wakaliandika jina lake tena kwa mkono katika nafasi iliyo wazi. Mashine ikaona alama mbili na kuitupa karatasi. Binadamu asingekuwa na shaka hata kidogo. Na kura hizo hazikuombwa na upande wowote zihesabiwe! Kila upande ulipigania kile kilichoonekana kuufaa, na ukweli ukabaki ndani ya masanduku.

Asije msomaji akadhani kwamba mambo haya hayawezekani kufanywa vizuri. Mwaka wa 2004, katika jimbo la Washington, Dino Rossi alitangulia katika kinyang'anyiro cha ugavana kwa kura 261. Mashine zikarudia, akatangulia kwa 42. Mikono ikahesabu jimbo zima, kura zaidi ya milioni 2.8, na Christine Gregoire akashinda kwa 129. Katika hesabu hiyo ya mwisho mahakama iliruhusu pia kura zilizokuwa zimekataliwa kimakosa na maofisa wa kaunti ya King, jambo lililozusha manung'uniko ambayo twayaelewa, maana kura zinazopatikana ghalani baada ya siku nyingi hunuka. Rossi alikwenda mahakamani. Mwezi Juni 2005 jaji aliona kwamba kura zaidi ya 1,600 zilipigwa kinyume cha sheria, lakini hapakuwa na ushahidi kwamba zilimfaa nani, akaitupilia mbali kesi. Chama kilichotaka hesabu ya mkono kilitakiwa kuweka amana ya fedha nyingi, na kikarudishiwa kwa kuwa matokeo yaligeuka. Hilo la amana twalipinga: haki ya kuhesabiwa kura isiwe ya mwenye mfuko mnene.

Mfano bora kuliko yote ni Minnesota, mwaka wa 2008, katika kiti cha useneta. Norm Coleman alikuwa mbele ya Al Franken kwa kura 215 kati ya takriban milioni 2.9. Sheria ya huko iliagiza kwamba katika tofauti ndogo kama hiyo hesabu ya mkono ifanyike moja kwa moja, katika jimbo zima, na ilikuwa imekwisha kuorodhesha, kabla ya mtu yeyote kujua mshindi, alama zipi zikubaliwe na zipi zikataliwe. Wapiga kura wote walitumia karatasi na kalamu. Mawakala wa pande zote mbili walikaa kila meza, na karatasi zilizobishaniwa zikapelekwa mbele ya jopo la watu 5, Katibu wa Jimbo na majaji 4, waliozijadili moja moja hadharani huku wananchi wakitazama. Karatasi moja ilikuwa na alama ya Franken na pia imeandikwa kwa mkono kwamba mpiga kura anawataka watu-mijusi. Jopo zima lilikaa kikao na kuijadili kwa uso mkavu kabla ya kuikataa, kwa hoja kwamba huenda palikuwa na mtu aliyeitwa hivyo. Tulicheka, na bado twaipendekeza karatasi hiyo kwa kila afisa wa uchaguzi wa hapa kwetu, kwa sababu inaonyesha watu waliokubali kuiheshimu kanuni hata ilipowafanya waonekane wajinga. Hesabu ilimpa Franken ushindi wa kura 225, na baada ya kesi zikawa 312. Mahakama ya Juu ya jimbo, bila jaji hata mmoja kupinga, ilikata shauri tarehe 30 Juni 2009. Kiti kilikaa kitupu miezi kadhaa, na Marekani haikuporomoka.

Hesabu ya mkono, kwa hiyo, yaweza kuwa fujo kama ilivyokuwa Palm Beach, na yaweza kuwa haki kama ilivyokuwa Minnesota, mikono ikiwa ni ile ile ya binadamu. Lakini hata mikono bora haina la kufanya pasipokuwa na karatasi. Baada ya aibu ya 2000, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka wa 2002 na kutoa fedha za kununulia vifaa vipya, na kaunti nyingi zikakimbilia mashine za kugusa kioo zisizotoa karatasi. Mwaka wa 2006, katika kaunti ya Sarasota, papo hapo Florida, mashine hizo zilionyesha kwamba wapiga kura wapatao 18,000 hawakumchagua mtu katika kiti cha Bunge kilichoamuliwa kwa kura 369. Watu waliomba hesabu irudiwe. Irudiwe vipi? Mashine ilitamka tena jumla ile ile iliyoitamka mwanzo. Mwaka uliofuata Florida ilipitisha sheria ya kurudi kwenye karatasi.

Wakenya waliokula chumvi wataukumbuka mlolongo wa 1988. Watu walipanga foleni nyuma ya mawakala na picha za wagombea, jua likiwaka, na msimamizi akatangaza kwamba foleni fupi ndiyo ndefu. Ulipotawanyika, mlolongo haukuacha ushahidi wowote. Hapakuwa na sanduku la kufungua wala karatasi ya kumwonyesha jaji. Mashine isiyotoa karatasi ni mlolongo uliovishwa suti. Wale wanaokuja kutuuzia upigaji kura wa vioo kwa kisingizio cha maendeleo waelezwe hivyo. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliwaeleza wenzao tarehe 3 Machi 2009, ilipozikataa kompyuta zilizotumika katika uchaguzi wa 2005, kwa sababu mwananchi asiye na utaalamu wowote lazima aweze kuzihakiki mwenyewe hatua muhimu za uchaguzi.

Sasa tuje kwetu. Kura zetu ni za karatasi na huhesabiwa kwa mkono kituoni. Mashine huingia kumtambua mpiga kura, na kusafirisha matokeo. Kwa hiyo swali la Florida limegeuka kichwa chini miguu juu: kwetu mkono huhesabu, na shaka huanza pale mashine inapopokea. Mwaka wa 2007 hapakuwa hata na mashine hiyo, na Tume ya Kriegler iliripoti mwaka uliofuata kwamba zoezi lilichafuliwa kiasi cha kutowezekana kumjua mshindi. Wakati huo zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekwisha kuuawa. Mwaka wa 2013 mitambo ya kusafirishia matokeo ilianguka, na Mahakama ya Juu, kwa hiari yake, ikaamuru fomu zikaguliwe na hesabu za vituo 22 zirudiwe. Mwaka wa 2017 mahakama iliamuru sava za Tume zifunguliwe zikaguliwe, Tume haikutii kikamilifu, na tarehe 1 Septemba majaji 4 dhidi ya 2 wakaubatilisha uchaguzi wa urais. Mwaka wa 2022 mahakama iliamuru masanduku ya vituo 15 yafunguliwe na kura zihesabiwe upya. Hazikuonyesha tofauti ya kugeuza lolote, na tarehe 5 Septemba majaji wote waliyathibitisha matokeo.

Twakiri kwamba 2022 ilikuwa hatua kubwa mbele. Tume ilizianika fomu 34A za vituo 46,229 hadharani, na mwananchi yeyote mwenye simu na subira aliweza kuzijumlisha. Lakini fomu ni neno la msimamizi wa kituo, na karatasi ndiyo neno la mpiga kura. Kujumlisha fomu, hata ukizijumlisha mara 100, kunathibitisha tu kwamba maofisa wamejumlisha sawasawa yale waliyoyaandika. Kama mtu aliandika 7 mahali pa 1 na mawakala wakiwa wamesinzia, mtandao utaipeleka 7 hiyo Nairobi salama salimini. Vituo 15 kati ya 46,229 ni sawa na kuonja chembe moja ya wali ili ujue kama gunia zima lina mchanga.

Tutaambiwa kwamba haiwezekani kuhesabu upya nchi nzima, na kwamba Katiba, katika kifungu cha 140, inaipa Mahakama ya Juu siku 14 tu. Hilo la siku ni kweli, na ni dhiki ile ile iliyoiua hesabu ya Florida. Hilo la kutowezekana si kweli hata kidogo. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Nchi hii huzihesabu kura zake zote kwa mkono, katika vituo vile vile, kwa mwanga wa taa za betri, na vituo vingi huwa vimemaliza kabla jua halijachomoza. Kinachowezekana usiku wa Jumanne hakiwi muujiza siku ya Ijumaa.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Bunge na litunge sheria itakayoamuru kwamba tofauti kati ya mshindi na anayemfuata ikiwa nusu ya asilimia 1 au pungufu, au mshindi wa urais akivuka kizingiti cha nusu ya kura kwa kiasi kisichozidi hicho, masanduku yote yafunguliwe na kura zihesabiwe kwa mkono kabla ya mtu yeyote kutangazwa, pasipo mgombea kuomba wala kulipa senti. Msomaji apime mwenyewe: mwaka wa 2013 mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.07, na mwaka wa 2022 kwa asilimia 50.49. Chaguzi zote mbili zingeingia katika sheria hiyo. Wafuasi wa washindi wasituone kama maadui, kwani ushindi uliohesabiwa mara mbili ungewapa usingizi ambao hakuna hukumu iliyowapa. Ikiwa siku 7 ambazo Katiba huipa Tume kutangaza matokeo hazitoshi kwa kazi hiyo, basi Katiba na ifanyiwe marekebisho, na siku 14 za mahakama zitazamwe katika kikao hicho hicho.

Pamoja na hayo, kipimo kiwekwe mapema. Mwaka wa 2013 kura 108,975 zilikataliwa nchini, nyingi mno ukizilinganisha na ule upenyo wa asilimia 0.07. Kanuni zetu zaruhusu alama iliyowekwa pasipo mahali pake ikubaliwe, ikiwa nia ya mpiga kura iko wazi. Lakini nia iliyo wazi kwa msimamizi wa Turkana yaweza kuwa kiza kwa msimamizi wa Kwale, na hayo ndiyo mambo ya Broward na Palm Beach. Tume na ichapishe kijitabu cha picha, kwa Kiswahili, kikionyesha tiki iliyovuka mstari, alama ya dole gumba, jina lililoandikwa, na kila aina ya karatasi inayozua ubishi, na chini ya kila picha iandikwe kama ni kura au si kura. Kitolewe miezi kadhaa kabla ya uchaguzi, wakati hakuna ajuaye kitamfaa nani.

Wako watakaosema kwamba mashine haina kabila, na kwamba katika nchi yenye historia kama yetu afadhali chuma kuliko jirani. Twaielewa hofu hiyo. Lakini chuma hununuliwa kwa zabuni, na huamrishwa na mtu mwenye jina, mwenye neno la siri, na mara nyingine mwenye ofisi ng'ambo ambako hati ya mahakama ya Milimani haifiki. Jirani anayehesabu kura mezani mbele ya wakala wangu na wakala wako ana kabila, naam. Ana pia macho manne yanayomtazama vidole.

Wakati Bunge likisubiriwa, lipo jambo ambalo vyama vinaweza kulifanya bila ruhusa ya mtu. Kanuni za uchaguzi za 2012, kifungu cha 80, zampa mgombea au wakala wake aliyepo kituoni haki ya kutaka kura zihesabiwe upya mara tu hesabu inapomalizika, hadi mara 2. Chama kinachowafundisha mawakala wake na kiwape nakala ya kifungu hicho mkononi, pamoja na chakula cha usiku na nauli ya kurudi nyumbani, ili wakala asishawishike kuondoka saa 9 za usiku kabla hajaitia sahihi fomu aliyoihakiki kwa macho yake.